Mlango Uliofunguliwa kwa Akina Mama



Jumamosi iliyopita akina mama wa kanisa letu walitaka kitu tofauti na semina. Tukamwomba kijana mmoja anayetembeza watu mjini atupitishe Nairobi ya zamani kwa miguu, atuonyeshe mahali wanawake walisimama. Nimerudi na mzigo moyoni, na nataka tuubebe pamoja.

Tulianzia karibu na kituo cha polisi cha Central, pale University Way. Machi 1922, Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande, kodi, na wasichana kulazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Tarehe 16 watu wakajaa nje ya kituo wakidai aachiliwe. Viongozi waliokwenda kuongea na serikali wakarudi wakisema watu waende nyumbani. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, akainua nguo yake, akawaambia wanaume wachukue gauni lake wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele. Risasi zikalia. Serikali ilisema waliokufa ni 21; wengine walihesabu zaidi ya hamsini. Muthoni alikuwa mmoja wao.

Barabara iliyo hapo karibu inaitwa Harry Thuku, na anastahili. Lakini katika kundi letu, waliowahi kusikia jina la Muthoni walikuwa wawili tu.

Tukafuata Uhuru Highway hadi Uhuru Park. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai akaandika barua baada ya barua kupinga. Alitukanwa hadi bungeni, hakunyamaza. Jumba halikujengwa. Ndiyo maana leo mtoto wako anaweza kucheza kwenye nyasi zile.

Kwenye pembe ya bustani, panapoitwa Freedom Corner, kijana wetu alinyamaza kidogo kabla ya kuongea. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa hapo na kugoma kula. Wengi walikuwa wazee. Monica Wangu, mamake Koigi wa Wamwere, alikuwa kati yao, na Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Walitaka watoto wao tu. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na marungu na mabomu ya machozi. Wangari alipigwa mpaka akazimia. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya wale askari. Ninyi mnajua mama mzee akikuvulia nguo maana yake ni nini. Ni laana. Miaka 70 baada ya Muthoni, mwendo mfupi tu kutoka pale alipoanguka, wanawake walikuwa wamebakiwa na silaha ileile.

Halafu akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara: All Saints Cathedral. Akina mama wale waliingia humo, wakakaa karibu mwaka mzima kwenye chumba cha chini. Kufikia mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote waliowapigania walikuwa huru.

Mpendwa, soma 2 Samweli 21. Rispa alitandika gunia juu ya mwamba akalinda maiti za wanawe, mchana dhidi ya ndege, usiku dhidi ya wanyama. Hakuwa na cheo. Alikaa tu. Habari zikamfikia mfalme Daudi, na mifupa ikazikwa kwa heshima.

Hata leo kuna akina Rispa Kenya hii. Wanazunguka vituo vya polisi na mochari wakiwa na picha ya mtoto kwenye simu. Wengine wanaketi nawe kwenye ibada, wanatoa sadaka, na hakuna anayewauliza. Tunawaombea kwa sauti kubwa Jumapili, lakini Jumatatu tunafunga geti kwa sababu tunaogopa siasa.

Kumlaza mama anayelia chumba cha chini si siasa. Ni godoro, uji wa asubuhi na mlango usiofungwa.

Wiki hii fanya mambo mawili. Mtajie binti yako jina la Muthoni Nyanjiru, umweleze alisimama wapi. Kisha mtafute mama mmoja anayemngoja mtoto wake, ukae naye. Usimhubirie. Kaa tu.

Bwana atupe makanisa yenye milango wazi. Ubarikiwe.