Fyuzi Ilikuwa Ikimwita Baba

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Methali hii niliikumbuka mwezi wa Agosti 2019, nilipokwenda kumtembelea ndugu yangu kitinda mimba anayeishi Minnesota, Marekani.

Ndugu yangu ana trela. Si lile la mizigo, mpenzi msomaji, unaloliona likielekea Malaba. Hili ni chumba juu ya magurudumu, chenye vitanda, jiko na bomba la maji, na huvutwa na gari. Wakati wa likizo, jamaa huenda nalo kulala kando ya ziwa. Taa na pampu ya maji hutumia betri ya volti 12 iliyofungwa mbele, karibu na mahali trela linaposhikana na gari.

Jioni ya kuamkia safari, taa zilizima. Kwa siku tatu zilikuwa zikizima na kuwaka zenyewe, na hakuna aliyejali. Ndugu yangu alichukua mita akapima betri, akapata volti 12.6. Alipopima waya unaoingia ndani, akapata sufuri. Katikati ya nyaya hizo kulikuwa na saketi breka, kidude kidogo kuliko kiberiti, chenye kutu. Umeme ukizidi, kipande cha chuma kilichomo hupata joto, kikajikunja na kuukata. Kikipoa, huunganisha tena.

"Dada, hiki ndicho kimekufa," akasema. "Nitafunga nyaya hizi mbili kwa bolti moja, twende zetu. Kingine tutanunua tukirudi."

Wanawe wawili walikuwa wameshatandika blanketi humo ndani.

"Weka spana chini," nikamwambia. "Unajua pikapu ya baba ilichomekaje?"

Hakujua. Mwaka wa 1982 yeye alikuwa mtoto wa mgongoni, nami nilikuwa kidato cha pili. Fyuzi ya pikapu ilikatika mara tatu kwa wiki moja. Mara ya nne, baba aliizungushia karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Taa zikawaka vizuri sana. Siku mbili baadaye, gari liliteketea barabarani karibu na Naivasha. Baba aliruka akapona, lakini pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa karo yetu. Nilikaa nyumbani muhula mzima. Baba alizoea kusema, "Fyuzi ilikuwa ikiniita, nami nikaiziba mdomo."

Ndugu yangu hakujibu. Aliwaita watoto wakalale nyumbani.

Asubuhi tulinunua breka mpya ya ampea 30, sawa na ile kuukuu. Kubwa zaidi ingeuacha waya uungue kabla haijakata. Tulichomoa kwanza umeme uliotoka nyumbani, kisha tukafungua waya hasi wa betri, ili spana ikigusa chuma isitoe cheche. Lakini kabla ya kufunga breka, nilimwomba tuufuate ule waya tuone unakopita.

Chini ya trela, unapopenya tundu la chuma, ngozi ya waya ilikuwa imesagika hadi shaba ikaonekana. Trela lilipotikisika, shaba iligusa chuma. Hapo ndipo breka ilipokuwa ikikata, mpaka ikachoka. Laiti tungetumia bolti, moto ungeanzia chini ya vitanda vya watoto.

Tulikata sehemu iliyosagika, tukaunga waya wa unene uleule na kuupitisha ndani ya mpira. Waya wa betri ukaingia kwenye msumari wa rangi ya shaba, na ule wa trela kwenye msumari mweupe. Taa zikawaka.

Tulifika ziwani alasiri, watoto wakinung'unika kwa kuchelewa. Usiku, ndugu yangu aliniuliza pikapu ya baba ilikuwa ya rangi gani. Nikamwambia ya kijani.

Nawe msomaji, fyuzi ya gari au ya nyumba yako ikikatika mara kwa mara, usiizibe mdomo. Tafuta kwanza inakuitia nini.