Mawe ya Mathe

Mathe aliyaweka mawe yake kwenye mkebe wa Kimbo, akaufunika, akauweka kwenye friji kando ya maziwa. Yalikuwa ya kijani, laini kidogo, makubwa kama minji. "Hesabu," akaniambia. Nilifika 31, nikaacha.

Wiki tatu kabla, tulikuwa tumempeleka mjini kupigwa picha ya ultrasound. Kila akila chapo na nyama ya kukaanga, usiku maumivu yanamshika chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi begani. Ni mawe kwenye mfuko wa nyongo, daktari akasema, na dawa yake ni upasuaji. Mathe hakubishana. Alirudi tao peke yake, akaingia duka moja karibu na River Road, akatoka na mafuta ya zeituni na maagizo: kunywa usiku na maji ya ndimu, asubuhi mawe yatatoka yenyewe. Na kweli kitu kilitoka.

Nilisoma biokemia pale Chiromo. Nyongo ilikuwa lekcha moja tu, baada ya lunch, na nusu yake nililala. Nyongo niliyoijua zaidi ni ya bucha ya baba, Kawangware. Nyama ikifika kutoka Dagoretti, alikuwa akikizungushia kisu kile kifuko cha kijani polepole, kwa sababu kikipasuka ini lote linakuwa chungu. Halafu anakitupa. Takataka, alisema marehemu.

Hapo alikosea. Mwili unaweza kuchoma mafuta, lakini kolesteroli hauwezi. Pete zake nne hazivunjiki. Kwa hivyo ini huigeuza. Kimeng'enya kimoja huanza kwa kubandika oksijeni na hidrojeni kwenye kaboni ya 7. Hatua nyingi baadaye mkia umekatwa, kaboni 27 zimebaki 24, na mwisho glisini au taurini inaunganishwa. Kinachopatikana ni asidi ya nyongo: upande mmoja unashika mafuta, mwingine unashika maji. Inafanya kazi ya sabuni, na kama umewahi kuosha sufuria ya pilau kwa maji baridi matupu, unajua kwa nini tumbo linaihitaji.

Ini hutengeneza kama nusu gramu tu kwa siku, kwa sababu karibu asilimia 95 hufyonzwa mwisho wa utumbo mdogo na kurudishwa kwa damu. Ni kama 46: tao, Kawangware, tao, Kawangware, gari lile lile. Inayopotea chooni ndiyo hujazwa upya, na kuijaza ini huvuta kolesteroli. (Maharagwe hunasa kiasi cha asidi hizo na kutoka nazo. Heshimuni githeri.)

Sabuni hiyo hiyo ndiyo huzuia kolesteroli iliyo ndani ya nyongo isigande. Kolesteroli ikizidi, inaganda, na mawe mengi huanza hivyo. Mwaka 1971 watafiti waliripoti kwamba Wamaasai waliowachunguza, na maziwa yote yale, walikuwa na nyongo yenye asidi nyingi kuliko kawaida ikilinganishwa na kolesteroli, na mawe ya kolesteroli yalikuwa nadra sana kwao. Mathe ni Mluhya wa chapo.

Nilichukua jiwe moja kwenye mkebe, nikaliweka kwenye kikombe cha maji ya moto. "Mum, kuja uone." Liliyeyuka. Mafuta yakaelea juu.

"Sasa hii ni nini?"

"Ni yale mafuta uliyokunywa. Yameganda tumboni na ndimu yakawa kama sabuni."

Hakunijibu. Alienda akaosha thamosi ambayo tayari ilikuwa safi.

Siku nne baadaye alitapika usiku kucha, na asubuhi macho yalikuwa ya manjano. Jiwe la kweli lilikuwa limeziba mrija. Ndani ya teksi, Waiyaki Way imejaa, alinishika mkono akauliza kama mtu anaweza kuishi bila nyongo.

"Wanatoa mfuko, Mum. Ini litaendelea kuitengeneza. Itakuwa inadondoka moja kwa moja kwenye utumbo."

"Kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo."

Alipotoka hospitali alikuwa na kichupa mkononi, mawe saba ndani, ya rangi ya manjano iliyofifia. Tulipofika nyumbani hata hakukaa. Alichukua kikombe, akaweka maji ya moto, akatumbukiza moja, akavuta kiti.

Tulingoja hadi maji yakapoa.