Nanchaku za Mwati

Sisi tuliokulia Iwawa, huko juu Makete, tulifundishwa silaha kabla hatujajua kwamba ni silaha. Panga unalibeba makali yakiangalia chini, na ukimpa mwenzako unatanguliza mpini. Mundu wa kuvunia ngano vivyo hivyo. Mtoto aliyekimbia nao shambani alinyang'anywa palepale, hata kama mvua ilikuwa inakuja na ngano bado imesimama.

Kisha zikaja picha za Bruce Lee. Enter the Dragon ilitoka mwaka 1973, mwaka uleule aliofariki, lakini sisi ilitukuta miaka mingi baadaye katika mabanda ya video ya Makambako, jenereta likinguruma nje. Makambako ndipo reli ya TAZARA inapokutana na barabara ya Mbeya na ile ya Songea, hivyo kila kipya kilitua hapo kwanza, kikapanda Njombe, ndipo kikatufikia sisi wa mwisho. Haukupita muda kila kijana akawa na nanchaku. Tulikata mwati, mti uliojaa Njombe tangu kampuni ya Tanwat ilipoanza kuupanda kwa ajili ya magome. Ni mti mgumu na mzito. Vipande viwili, mnyororo wa mbwa katikati, basi. Waliojipiga wenyewe usoni walikuwa wengi kuliko waliompiga adui.

Karate yenyewe niliikuta Njombe mjini, kwa mwalimu aliyejifunzia Dar es Salaam. Ukoo wake wa Goju-ryu ulianzia kwa Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha pale Zanaki, jijini humo, miaka ya 1970. Goju-ryu ni mtindo wa mikono mitupu. Silaha za bo, sai, tonfa, nanchaku na kama, ambayo ni mundu kabisa, ni somo jingine la Okinawa liitwalo kobudo. Lakini vijana walikuja na ada mkononi wakiulizia nanchaku, hawakutaka kusikia habari ya kusimama vizuri wala kupumua. Mwalimu akawapa walichotaka, tangu mwezi wao wa kwanza. Simlaumu sana, pango la ukumbi halilipwi kwa kupumua.

Mmoja wao alimvunja mtu taya kwenye kilabu cha ulanzi. Polisi walipokuja ukumbini waliuliza maswali mepesi: huyu ni nani, anakaa wapi, nani alimdhamini? Mwalimu alijua jina lake la utani tu.

Wakati huohuo, nyumbani Iwawa, kaka yangu alikuwa kwenye mafunzo ya mgambo. Mgambo ni zao la Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, uliotolewa baada ya Wareno kuivamia Guinea mwishoni mwa 1970 na Idi Amin kupindua serikali ya Uganda Januari 1971. Unaweza kucheka kwata ya alfajiri kwenye baridi ile ya Makete, lakini utaratibu wao wa silaha haukuwa wa kuchekesha. Jina lako lilipita kwanza serikali ya kijiji, na wazee waliokujua tangu utotoni walisema ndiyo au hapana. Bunduki ya kweli ilikuja mwishoni, siku za kulenga shabaha, baada ya wiki nyingi za kwata, ramani na huduma ya kwanza. Ilitolewa kwa hesabu na kurudishwa kwa hesabu. Hata maganda ya risasi yaliokotwa yakahesabiwa.

Nilimsimulia mwalimu utaratibu huo wa mgambo. Sijui kama ni maneno yangu au lile taya, ila baada ya hapo ukumbi ulibadilika. Likatengenezwa sanduku la mbao lenye kufuli, ufunguo akaushika yeye. Likanunuliwa daftari: jina kamili, kijiji, mzazi au mdhamini na sahihi yake. Silaha haikuguswa kabla ya mkanda wa kahawia. Sai ilikabidhiwa kwa mikono miwili, ncha zikimwelekea anayetoa, nayo kama, ule mundu, ilikuwa ya mbao tupu, hakuna cha chuma. Kabla ya kuinama na kuagana tulihesabu kila kitu, na kikipungua hakuna anayetoka. Nusu ya wanafunzi waliondoka. Mimi naona waliondoka waliopaswa kuondoka.

Sasa lami imefika Makete, na kijana hahitaji banda la video. Nanchaku anafundishwa na simu, na simu haimuulizi anakaa wapi. Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya 2015 inahusu bunduki, si vipande viwili vya mwati. Kwa hiyo, mzazi, kabla hujalipa ada ya karate Njombe au Makambako, omba kuliona daftari, na uliza ufunguo wa sanduku anao nani. Mwalimu akikosa jibu, mrudishe mtoto nyumbani.