Chumvi ya Mfalme Mimi

Katika lugha yetu mtu aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi, na mtu akuzaye habari husemwa kuwa atia chumvi. Misemo hiyo miwili ilinijia pamoja nilipotazama sinema ya Kicheki iitwayo Byl jednou jeden král, yaani Hapo Kale Palikuwa na Mfalme, iliyoongozwa na Bořivoj Zeman na kutolewa mwaka 1955. Zeman alikuwa amekwisha jipatia sifa mwaka 1952 kwa sinema ya binti mfalme mwenye kiburi. Lakini hii, iliyotokana na ngano ya Božena Němcová, naiona bora, kwa kuwa yachekesha zaidi na kuhubiri kidogo.

Mfalme aitwa Mimi wa Kwanza. Awauliza binti zake watatu wampenda kiasi gani. Wakubwa wawili wajibu kwa maneno ya fahari. Mdogo, Maruška, asema ampenda kama chumvi. Ajabu ni kuwa aitajaye chumvi ndiye pekee asiyeitia katika maneno yake. Baba aghadhibika, amfukuza mtoto, kisha aipiga marufuku chumvi yenyewe, mpaka chakula chamshinda. (Yuko pia kijana mvuvi ampendaye Maruška, ni mzuri wa sura, na habari zake zaishia hapo.)

Utamu wa sinema umo kwa wazee wawili: Jan Werich, ambaye ndiye mfalme, na Vlasta Burian, mshauri wake aitwaye Na Kadhalika. Werich aliwakimbia Wanazi akaishi Marekani wakati wa vita. Burian, aliyekuwa akiitwa mfalme wa wachekeshaji, alibaki Prague akaendelea kuigiza. Vita vilipokwisha alishitakiwa kuwa alishirikiana na adui, akafungwa, akazuiwa kupanda jukwaani kwa miaka kadhaa. Zeman akawaweka bega kwa bega, aliyekwenda na aliyebaki, mmoja bwana na mwingine mtumishi. Mfalme amfukuza mwanawe kwa neno moja asilolielewa, na kando yake yuko mtu aliyeonja kufukuzwa kweli, naye apaswa kutuchekesha. Atuchekesha. Lakini siwezi tena kumtazama Na Kadhalika nikacheka tu.

Maruška alirudi kwa baba yake kabla sinema haijaisha. Burian alifariki mwaka 1962. Jina lake likasafishwa mwaka 1994.