Pima Kabla Hujasema



Nakuomba unisikilize katika kisa hiki, ambacho kwa dhahiri yake ni kisa cha pikipiki mbovu, na kwa undani wake ni kisa cha ulimi wangu. Sikuandiki ili nikuchekeshe. Nakuandikia kwa sababu mimi ni mtu wa pwani kama wewe, na kosa nililolifanya ni katika makosa yanayotupata sana sisi watu wa pwani tukifika bara.

Serikali iliamua mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi yawe Dodoma, walakini kuhama kwenyewe kulishika kasi tangu mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Mwanangu alikuwa miongoni mwa waliohamishwa kikazi, nami nikamfuata kutoka Tanga. Tukapata nyumba Miyuji, upande wa kaskazini, katika barabara iendayo Kondoa na Arusha. Ni nchi ya upepo na vumbi jekundu, na asubuhi za mwezi wa Julai huko ni za baridi ambayo sisi wa baharini hatukuizoea. Nilikwenda na pikipiki yangu, niliyoitumia Tanga miaka sita. Kiki yake ilikuwa imekwisha meno, basi tegemeo langu lote likawa ni kitufe cha stata.

Betri yake ya zamani ilipokufa, nilinunua nyingine kwa kijana mmoja fundi, Mgogo, mwenye kibanda karibu na kijiwe cha bodaboda. Alinitoza shilingi 35,000. Siku kumi pikipiki iliwaka vizuri. Siku ya kumi na moja, asubuhi ya baridi, nilibonyeza kitufe nikasikia "tak!" Nikabonyeza tena: "tak!" Taa zinawaka, honi inalia, lakini injini haizunguki hata kidogo.

Papo hapo nikahukumu. Nikasema moyoni: kijana huyu ameniuzia betri kuukuu iliyosafishwa ikapakwa rangi. Nani aliyeniambia? Hakuna. Ni dhana yangu tu, na chini ya dhana hiyo palikuwa na jambo baya zaidi ambalo naona haya kulitaja: nilimwona mtu wa bara, kijana, asiye wa dini yangu, nikaona uongo unamstahili.

Baada ya sala ya Alasiri nikaisukuma mpaka kibandani. Palikuwa na watu saba au wanane. Yule kijana akanipokea, "Shikamoo mzee." Sikumwitikia. Nikampa maneno mbele ya watu wote, nikamwita mwizi. Akasema kwa upole, "Mzee, niachie nipime kwanza." Nikamjibu kwamba sina haja ya vipimo vya mwizi, nataka fedha yangu. Akaingia ndani, akatoka na 35,000, akanihesabia mkononi, akaitoa betri yake. Nikaondoka nikiona nimeshinda.

Siku ya pili nikaenda mjini, nikanunua betri mpya dukani kwa shilingi 48,000. Nikaifunga mwenyewe. Nikabonyeza kitufe. "Tak!"

Ndugu msomaji, sauti ile sitaisahau. Nilikaa chini kwenye baraza, jasho linanitoka katika baridi ile. Ikiwa betri mpya nayo inasema vile vile, basi yule kijana nilimwita mwizi kwa kosa gani?

Hapakuwa na fundi mwingine karibu, na njia ya kwenda kwa mwingine inapita mbele ya kibanda chake. Nikaisukuma nikiwa nimeinamisha uso. Yeye ndiye aliyeniona kwanza. Akaacha kazi, akaja akashika nyuma, akasukuma pamoja nami. "Shikamoo mzee. Bado inasema tak tu?" Nikaitika, "Marahaba, mwanangu. Bado." Hakusema neno jingine. Akachukua mita yake.

Hapo nikafundishwa jambo ambalo ningelijua mapema lingeniepusha na dhambi. Unapobonyeza kitufe, umeme mdogo tu ndio unaokwenda kwenye kikasha kiitwacho rilei. Rilei ikiupata, huvuta chuma ndani yake kikagusanisha nyaya mbili nene, na huo mguso ndio sauti ya "tak". Kazi nzito inaanza baada yake: umeme mwingi, makumi ya ampia, utoke kwenye betri, upite katika nyaya nene, ufike kwenye mota ya stata ili izungushe injini. Kwa hiyo sauti ile haithibitishi kuwa betri ni mbovu. Inathibitisha tu kwamba amri imefika. Ikiwa inasema "tak-tak-tak" kwa haraka na taa zinafifia, aghalabu betri ndiyo dhaifu. Ikiwa ni "tak" moja nzito na taa hazitikisiki, kuna njia iliyozibika mbele.

Akapima betri: volti 12.6, imejaa. Akaniambia nibonyeze kitufe huku akipima: 12.4. "Betri haina kosa, mzee. Ingekuwa mbovu ingeshuka chini ya kumi." Akapima mdomo wa rilei unaotoa umeme: 12.2. Kisha akaivuta kofia ndogo ya mpira inayofunika ncha ya waya pale kwenye stata, akaweka mita: haikufika volti mbili. Akaigusa ile ncha, akauondoa mkono upesi. Ilikuwa ya moto. Umeme wote ulikuwa unapotea hapo.

Akafungua nati. Chini ya ile kofia palikuwa na kutu ya kijani, na nyuzi za shaba zimelika, zimebaki chache kama unywele. Akaitazama, akaniuliza kwa upole, "Mzee, pikipiki hii ilikuwa ikikaa karibu na bahari?"

Ndugu msomaji, ilikuwa ni chumvi ya kwetu. Nilikuwa nimekuja nayo kutoka Tanga, imejificha chini ya kofia miaka yote, ikila shaba polepole mpaka siku ile. Nilimtafuta mwizi katika mji wa watu, na kumbe aliyeniibia nilikuja naye.

Akakata kipande kilicholiwa, akafunga kichwa kipya cha waya, akasugua kwa msasa, akakaza nati, akapaka grisi, akarudisha kofia. Nikabonyeza. Injini ikawaka mara moja. Nikamwuliza ujira wake, akasema 5,000. Hakuniongezea hata senti kwa yale niliyomtendea. Nilipoinua macho nikaona juu ya meza yake taa ndogo inawaka, na waya wake umeungwa kwenye ile betri niliyoikataa. Ilikuwa inamwangazia kazi.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Mimi nimekusamehe, mzee. Lakini wale waliokuwapo juzi, wawili walikuwa wateja wangu. Hawajarudi. Ukiweza, waambie na wao."

Hilo lilikuwa zito kuliko fedha. Kumwomba mtu radhi faraghani ni rahisi, kuirudisha heshima yake pale ulipoivunjia ndiko kugumu. Siku ile ile, wakati wa Alasiri, nilisimama kijiweni nikasema kwa sauti: "Nilimwita kijana huyu mwizi. Nilisema uongo. Betri yake ilikuwa nzima, na ubovu ulikuwa katika pikipiki yangu." Wateja wake wawili mmoja nilimpata, akarejea. Wa pili alikuwa amekwisha safari kwenda Kondoa, wala simjui jina. Mpaka leo huenda anawasimulia watu habari za fundi mwizi wa Miyuji, na neno hilo ni langu, na dhambi yake iko shingoni mwangu.

Basi chukua faida mbili kutoka kwangu. Ya kwanza ni ya mkono. Stata yako ikisema "tak" bila kuzungusha, weka gia huru, kisha fuata njia ya umeme hatua kwa hatua: anza na ncha za betri, uone kama zimelegea au zina kutu. Pima betri ikiwa imetulia na wakati wa kubonyeza kitufe. Angalia waya wa hasi unaofungwa kwenye injini, kisha rilei, kisha ncha ya stata, na mwisho kaboni zilizo ndani ya mota. Ukitoa betri, tangulia kufungua hasi, na ukiirudisha, hasi iwe ya mwisho. Wala usiunganishe ncha za rilei kwa bisibisi kama wafanyavyo wengine, kwani cheche karibu na petroli ni msiba. Na wewe unayeishi karibu na bahari, zivue zile kofia za mpira mara kwa mara utazame chini yake.

Ya pili ni ya moyo. Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, na ametukataza dhana nyingi. Nimeisoma sura hiyo tangu chuoni, naihifadhi kwa moyo. Lakini siku ile kisomo changu kilikuwa kama ile stata: kinatoa sauti, wala hakizungushi kitu. Amri ilifika masikioni, na njia ya kwenda moyoni ilikuwa imeliwa na kiburi. Mtume wetu (S.A.W.) ametuonya juu ya muflisi wa kweli, ajaye Siku ya Kiyama na sala na saumu na zaka, kisha thawabu zake wagawiwe wale aliowatukana na kuwasingizia. Wala usidhani kuwa dhuluma inapungua kwa kuwa uliyemdhulumu si wa dini yako.

Yule kijana aliniomba jambo moja tu tangu mwanzo: "Niachie nipime kwanza." Nawe, ukisikia "tak" katika nyumba yako, kwa mkeo, kwa jirani, kwa mtumishi, mwachie apime kabla hujasema.

Mwenyezi Mungu atusafishe nyoyo zetu na kutu iliyojificha, na azihifadhi ndimi zetu. Amin.