Kijana wa Kuvuruga Halua

Mjukuu wangu, asomaye sheria chuoni, alinijia juzi na habari ya kwamba tangu ilipotungwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto aliyekosa aweza kuepushwa na kizimba, akarejeshwa kwa jamaa na majirani kwa masharti, na ya kuwa jambo hilo ni geni katika Kenya yetu. "Babu, zamani si mlikuwa mkiwafunga tu?" Nilitaka kuhamaki, lakini nani aliyemhadithia?

Sheria ya probesheni, ambayo sisi tuliiita kifungo cha nje, iliandikwa mwaka 1943, nayo ilimpa hakimu ruhusa ya kumweka mkosaji chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Nimezihakikisha tarakimu hizo; basi tuziache, maana mtaani kwetu Kibokoni sheria hiyo isingalifaa kitu pasipo fundi mmoja wa halua, ambaye jina lake siliandiki kwa kuwa wanawe wangali hai.

Duka lake lilikuwa chumba cha giza, lenye kutambulikana kwa harufu kabla ya kuonekana: iliki, zafarani, samli iliyochemka, na chini yake moshi wa kuni. Katikati palikuwa na karai la shaba, na ndani yake wanga, sukari na maji, ambavyo havina budi kuvurugwa kwa mwiko mrefu saa baada ya saa, kwani mkono ukipumzika kidogo tu halua hushika chini na rasilimali yote ikawa hasara.

Hapo ndipo alipoletwa kijana mmoja, yatima wa baba, aliyekamatwa na jora la kitambaa katika Barabara ya Biashara. Kabla ya hukumu, bwana probesheni alipita na daftari lake kwa mama mtu, kwa imamu, na kwa jirani aliyejulikana kumchukia kijana yule, kisha akaja dukani, akaketi, akanywa kahawa kikombe baada ya kikombe, wala haja yake asiitaje mpaka alipoulizwa. Fundi akamjibu: "Mlete. Akiniibia, kesi ni yangu na mamake, wewe hutaisikia."

Kijana akavuruga. Sitaki kumfanya fundi kuwa walii: alikuwa na matusi mengi na ujira wake ulikuwa haba, na leo angelishitakiwa kwa kumtumikisha mtoto. Lakini mkesha wa Idi, duka lilipofurika wateja, na mwenye kuibiwa jora akiwa miongoni mwao, alimketisha kijana yule penye sanduku la fedha, naye mwenyewe akashika mwiko. Mwenzake wa wizi, aliyekosa mtu wa kumpokea, alipelekwa mbali kwenye skuli ya watoto watundu, akarudi na maarifa ambayo hatukumtuma.

Yaliyofuata ni mafupi. Fundi alifariki, wanawe wakahamia ng'ambo, karai likauzwa kwa ratili. Mwaka 1998 ikaja sheria ya kuwatumikisha wakosaji kazi za umma. Sheria ya Watoto ya 2001 ikawaondolea watoto viboko mahakamani, na ni heri. Na hii ya 2022 ikapandisha umri wa kushitakiwa kutoka miaka 8 hadi 12, jambo lililochelewa mno. Kwenye karatasi mambo yametengenea kuliko enzi zetu. Huku barazani, kijana akishikwa na simu ya wizi, majirani humpiga kwanza, na wasiopiga hupiga picha.

Nilimpeleka mjukuu wangu kwa fundi cherehani wa mwisho wa mtaa wetu, ili amwulize mwenyewe kama angempokea kijana wa namna hiyo. Mzee yule alisema yu radhi, ila serikali imwekee dhamana ya cherehani yake. Mjukuu wangu ameipekua sheria yote, na kifungu cha cherehani bado hajakiona.