Nusu Lita

Siku tatu kabla ya mpwa wangu kupasuliwa moyo, nilikuwa nimekaa kwenye korido ya hospitali moja hapa Nairobi nikipiga hesabu kwa simu. Grupu ya WhatsApp ya familia ilikuwa imechanga, Shosh ameuza mbuzi wawili, na mimi, kwa kuwa eti ndiye niliyesoma, nikapewa kazi ya kuongea na madaktari.

Toto alikuwa na miezi 10 na kilo 7. Alikuwa na tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Alikuwa akinyonya kidogo, anatokwa jasho utadhani amepanda ngazi za ghorofa 10, anaachilia ziwa, analala. Dada yangu alikuwa amezoea kumtazama akipumua.

Daktari wa nusukaputi alinikuta pale korido akaniuliza kama nina swali. Nilikuwa nalo moja. Binamu yetu mwenye duka la dawa alikuwa amenionya: "Buda, usikubali mtoto awekewe maji ya chumvi tu. Itisha albumini." Nilikuwa nimeulizia bei. Niliisoma mara mbili.

"Daktari, tununue albumini? Tutajipanga."

Hakunijibu hapo hapo. Alinyoosha kidole kwenye chupa ya soda mkononi mwangu, ile ya nusu lita.

"Mjomba, damu yote ya mtoto wenu ni kama hiyo, na kidogo juu."

Mtoto wa umri huo ana kama mililita 80 za damu kwa kila kilo. Piga mwenyewe: 560. Sasa, ili moyo usimamishwe na kushonwa, damu inapitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Mirija ya mashine hiyo haiwezi kuanza ikiwa tupu. Lazima ijazwe kwanza, na kwa mtoto mdogo kinachoijaza kinaweza kukaribia damu yake yote. Ukijaza maji matupu, damu inakuwa nyepesi kama chai ya mwisho wa mwezi: haibebi oksijeni ya kutosha, na haigandi vizuri.

Akanipitisha kwenye orodha polepole. Maji ya chumvi ya kawaida, gramu 9 kwa lita, yana kloridi nyingi kuliko damu. Yako mengine yaliyosawazishwa, yenye asili kwa Sydney Ringer wa London, ambaye miaka ya 1880 aligundua kwamba moyo wa chura uliendelea kudunda kwenye maji ya mfereji kuliko kwenye maji yaliyosafishwa kabisa, kwa sababu ya mfereji yalikuwa na kalisi. Lakini maji ya aina zote hizi hayakai ndani ya mishipa. Yanavujia mwilini, mtoto anavimba. Albumini, protini inayotolewa kwenye damu ya watu, inakaa zaidi. Kulikuwa pia na dawa za wanga, zikasifiwa sana, hadi zikahusishwa na madhara ya figo kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 2022 Ulaya iliamua kuzisimamisha.

"Kwa hivyo albumini ndiyo bora," nikasema.

"Inasaidia mahali pake. Ghali si dawa."

Kisha akanieleza kuhusu utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yakatolewa 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Wengine walipewa albumini haraka haraka, wengine maji ya chumvi, wengine hawakuongezwa kwa kasi hiyo. Katika saa 48, kwenye makundi mawili yaliyoongezwa, walikufa karibu 11 kati ya kila 100. Kwenye kundi lililoachwa, 7. Albumini na chumvi zililingana. "Wale hawakuwa watoto wa upasuaji wa moyo," akasema, "lakini tangu hapo sijaongeza hata mililita 10 bila kujiuliza kwa nini."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimekuja tayari kununua kile cha bei ya juu zaidi, ili kesho yakiharibika nisijilaumu. Kumbe nilikuwa najinunulia mimi.

"Ukitaka kusaidia," akasema akiondoka, "niletee watu watatu watoe damu."

Nikaandika kwenye grupu. Manze, watu waliotuma pesa kwa dakika tano walikaa kimya saa mbili. Shosh ndiye wa kwanza kujibu, kwa sauti ya kurekodi: yuko tayari. Ana miaka 74. Sheria inakomea 65. Binamu wa duka la dawa akaja na mkewe. Wa tatu nikawa mimi, niliyekuwa nimesoma kila kitu na kuogopa sindano tangu darasa la pili.

Pochi yangu ilijaa: mililita 450. Niliiangalia kwa muda. Karibu mtoto mzima.

Alipasuliwa Alhamisi. Jioni daktari alitoka akatuambia wametumia damu, maji yaliyosawazishwa, na albumini chupa moja ndogo. Sikuuliza bei.

Wiki mbili baadaye Dada alinipigia simu usiku bila kusema kitu. Aliweka simu karibu na ziwa. Nikasikia mtoto akinyonya, na kunyonya, bila kupumzika.